Gitaa la Nyuzi Kumi na Moja

Macalder, Jumapili alasiri

Akinyi nyathina, mwanangu,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya nyumba yetu. Mama yako Boke alipokuja kutoka Kegonga hakujua Kijaluo, na Kikuria changu kilikuwa cha kuulizia bei ya mahindi tu. Kwa hiyo tulipendana kwa Kiswahili, tukagombana kwa Kiswahili, na wewe ukazaliwa katikati ya hayo. Halafu Kijaluo nikikitumia nitaanza kujigamba, unanijua, na leo sina la kujigambia.

Sitakwambia ulale kwenye neti wala uchemshe maji ya ziwa. Mama yako amekwisha kukwambia hayo mara mia, na sanduku lako amelipanga na kulipangua mpaka nikamwonea huruma. Kesho asubuhi unaenda Homa Bay kwa baba yako mdogo Odongo, kupiga besi katika bendi yake. Nilikataa miezi mingi, kisha nikakubali kwa mdomo tu, nawe uliona kwamba ni kwa mdomo tu. Tangu siku ile tuliyokosana mezani, kila ninachokwambia unanijibu, "Sawa, Baba." Nikisema chai imepoa, sawa, Baba. Nikisema mbuzi ameingia shambani, sawa, Baba. Afadhali ungenitukana, ningejua tumebaki na maneno. Sasa umeenda Sori kuwaaga rafiki zako, nami nimefunga karakana mapema ingawa redio tatu za wachimba dhahabu ziko hapa zinaningoja, zimejaa vumbi la mashimo. Zingoje.

Nataka nikwambie habari ya gitaa lile la ukutani. Umelijua tangu ulipokuwa ukitambaa: gitaa la nyuzi sita, lenye funguo sita zaidi kichwani ambazo hazishiki kitu. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukiniuliza zile nyingine ni za nini, nami nakujibu ni za akiba. Nilikuwa nakudanganya, lakini sikujua kwamba nakudanganya. Uongo wa namna hiyo ndio mbaya kabisa.

Unajua kwamba zamani mimi na Odongo tulikuwa na bendi. Usilolijua ni jinsi ilivyokufa. Watu wote nimewaambia iliuliwa na pombe ya mpiga ngoma wetu. Yule marehemu alikunywa, ndiyo, lakini alikuja kila siku ya kazi na alipiga mpaka mwisho, kwa hiyo leo namwomba radhi. Bendi niliiua mimi kwa maneno machache.

Lakini uanze kuelewa kichwa changu kilivyokuwa. Mimi tangu utotoni nilikuwa mtu wa kuhesabu nyuzi. Babu yetu alikuwa na orutu, kile kifidla cha uzi mmoja kinachosuguliwa kwa upinde, nami nilimwonea haya. Mzee mzima, ndevu nyeupe, uzi mmoja! Jirani yetu alikuwa na nyatiti ya nyuzi nane, huyo ndiye niliyemwona mwanamuziki. Gitaa lilipofika kwetu nilishangaa nyuzi sita zinawezaje kushinda nane, ila lilikuja na umeme na spika, basi nikalisamehe. Nikachukua solo. Odongo akachukua besi, nyuzi nne, tena nene kama za kufungia ng'ombe, nami moyoni nikafurahi. Sisi ni pacha, na mimi ndiye Opiyo niliyetangulia. Nilikuwa nimemzidi kwa dakika chache za kuzaliwa, na sasa nimemzidi na kwa nyuzi mbili. Cheka tu. Mtu mzima alikuwa anafikiri hivyo.

Basi kulikuwa na padri mmoja mzee aliyekuwa akirudi kwao Ulaya. Alitupenda kwa sababu tulimpigia katika harusi za parokia. Siku aliyoondoka alituita sote wawili, akatupa gitaa hili, akasema ni letu sisi wawili, pamoja. Alilisema hilo "pamoja" mara mbili. Gari lilikuwa linamngoja, Kiswahili chake kilikuwa kidogo, akaondoka bila kutueleza zaidi. Nikahesabu nyuzi. Kumi na mbili! Nikahesabu tena kwa kidole. Usiku huo sikulala vizuri kwa furaha.

Sasa elewa hali ya huku ilivyokuwa. Uzi ukikatika ulingoja mpaka mtu apate safari ya Kisumu. Tulikuwa tunafumua waya wa breki za baiskeli, tunachambua uzi mmoja mmoja, tunaufunga kwenye gitaa. Tulijaribu hata nailoni ya wavuvi wa Sori, ikalia kama mtu mwenye mafua. Kwa hiyo nilipoziona nyuzi kumi na mbili nikajiambia: wazungu wana akili, wameweka na za akiba palepale, kama gurudumu la spea kwenye gari. Katika kila mbili nikaamua moja ni ya kazi na moja ni ya kungoja.

Tulikuwa Sori kwa harusi, mchana, watu wamekwisha kukaa, watoto wamejipanga mbele. Solo yangu ikakatika uzi. Bila wasiwasi nikachukua koleo, nikaketi mbele ya watu na gitaa la padri magotini, nikaanza kuling'oa nyuzi za akiba. Niling'oa sita, nyingi zikiwa zile nyembamba. Nilifanya kwa madaha, waone kwamba mimi ni mtu mwenye akiba. Odongo alikuwa ameinama anafunga besi yake, akainua kichwa.

"Omera, ndugu yangu, ngoja kwanza," akasema. "Zimekaa mbilimbili. Labda kuna sababu."

Aliniambia polepole, kama ndugu. Angeninong'oneza labda ningesikia, lakini wageni walikuwa wanatazama, na mimi wageni wakitazama siwezi kunyamaza. Nikasema kwa sauti ya kufika nyuma kabisa:

"Mtu wa nyuzi nne atanifundisha nyuzi kumi na mbili?"

Watu walicheka sana, bwana harusi naye akacheka. Nilikuwa najua kuchekesha watu, na kila nikichekesha mmoja nyuma yake kuna mwingine ameumia, hilo nimelijua nikiwa mzee. Odongo aliinama, akaokota uzi mmoja chini, ule mwembamba kuliko zote, akauviringisha kwenye kidole, akautia mfuko wa shati. Kisha akapiga besi harusi nzima mpaka jioni bila kukosea hata pigo moja. Kesho yake asubuhi alipanda gari kwenda Homa Bay, na hajarudi kwangu tena.

Ningemfuata wiki ile ile, yangeisha kwa soda mbili. Badala yake shangazi yetu alipokuja kunisihi, nikapandwa na hasira kwa sababu alikuwa anasema kweli, nikaapa mbele yake kwamba sitakula chakula cha Odongo wala kukalia kiti chake. Unajua kiapo cha kwetu. Ukishaapa hivyo kwa ndugu huwezi kwenda tu kupeana mikono na kukaa mezani, utawaletea watoto chira, ile laana ya kukonda mpaka kufa. Lazima wazee wakutane na manyasi ichemshwe, ile dawa ya mizizi, mnywe wote wawili kutoka chombo kimoja. Kwa hiyo nikawa na sababu nzuri ya kukaa na kiburi changu: kila nikitaka kwenda, nasema kiapo kinanizuia.

Tukaendelea bila besi. Nilisema hatuihitaji, solo itajaza. Tukapigia sherehe moja hapa Macalder, nami nikajaza kweli, vidole viliruka siku hiyo mpaka nikajishangaa. Watu walisimama wakinitazama, wakapiga makofi. Lakini hakuna aliyecheza. Mama mmoja mzee akanijia tulipopumzika, akaniangalia kwa huruma, akaniuliza, "Mwanangu, wimbo wenu una mdomo mzuri. Miguu iko wapi?"

Nilicheka nikamwambia miguu imesafiri. Mwezi uliofuata hatukuitwa mahali, na mwezi uliofuata pia. Ndipo nikafungua karakana ya redio.

Siku tulipomzika mama yetu, huyo Akinyi ambaye umebeba jina lake, ulikuwa na miaka kama sita. Labda unakumbuka ulikalia mapaja ya mtu aliyefanana na baba yako, ukamwita Baba, watu wakacheka. Tulisimama pande mbili za kaburi, yeye kule, mimi huku. Alipiga wimbo mmoja aliokuwa akiupenda mama, kwa besi peke yake, nyuzi nne tu, hakuna solo, hakuna ngoma. Kila mtu alisikia mahali ambapo solo ilipaswa kuingia, nami zaidi ya wote. Gitaa langu lilikuwa pale pale nyuma ya kiti. Sikuinuka. Nimefanya makosa mengi maishani, Akinyi, mengine nayacheka sasa, lakini hilo silichekei. Nilimnyima mama yangu.

Halafu wewe ukapita mtihani, ukaitwa shule ya bweni ya masista kule upande wa Homa Bay. Siku za wazazi, mimi nikichelewa kwa ajili ya redio za watu, nafika nakuta Odongo amekwisha kuja na kuondoka, nawe una ndizi na mikate. Sikuuliza. Ulipofika kidato cha tatu nikaona vidole vyako. Mimi ni fundi, sugu la nyuzi nene nalijua hata gizani. Nikajua Odongo amekufundisha besi. Nilipokuwa peke yangu nilikuwa na wivu. Nilitamani uwe mtu wa solo, uwe wangu.

Sasa ile siku ya meza. Tunakula omena, mama yako anakuchekesha, mambo mazuri. Ukasimulia kwamba shuleni kwenu kuna sista mmoja mwenye gitaa kama letu, lakini lake lina nyuzi zote kumi na mbili, na zote zinafanya kazi. Zinakwenda mbilimbili, ukasema. Jozi nne za chini kila moja ina uzi mnene na mwembamba, mwembamba unaimba sauti ile ile ukiwa juu. Mbili za juu zinafanana kabisa. Kidole kimoja kinabonyeza zote mbili kwa pamoja. Ulieleza vizuri, mwalimu hangekushinda. Kisha ukanitazama, bila ubaya wowote, kwa mshangao tu, ukasema:

"Lakini Baba, wewe ni pacha. Ulishindwaje kuona?"

Hapo ndipo nilipofura. Nawe ulisikia nilichokujibu, na mama yako alisikia, na ukuta ulisikia: mtu wa nyuzi nne atanifundisha nyuzi kumi na mbili? Maneno yale yale, nyathina. Yalikuwa yamekaa mdomoni miaka yote hiyo yakingoja mtu mwingine. Ukaweka chini kijiko, ukasema, "Sawa, Baba." Ilikuwa ya kwanza.

Mama yako hakunigombeza siku hiyo, na Boke asiponigombeza naogopa. Kesho yake ndipo akaniambia. Unajua babu yako wa Kegonga anapiga iritungu, kile chombo chao kikubwa cha nyuzi nane. Boke akaniambia kwao hakuna anayeuliza chombo kina nyuzi ngapi, wanauliza kama watu waliinuka kucheza. Akaongeza kwamba neno nililolitupa mwenyewe halitarudi kwa kutuma watoto, niende nikaliokote. Halafu akaenda zake kuanika mihogo, kama mtu aliyeniomba chumvi.

Nikalitoa gitaa ukutani. Mwalimu wa kwaya alikuwa ameniletea nyuzi nne kutoka Kisumu kwa kazi nyingine, nikachukua mmoja mwembamba nikaufunga kando ya mnene. Ile mifereji midogo kwenye shingo ilikuwa pale, kumi na miwili, nimeifuta vumbi kwa kitambaa miaka yote bila kuitazama. Nikakaza polepole. Nikapiga zote mbili kwa pamoja. Sauti ilikuwa moja lakini imekuwa pana, imepata mwili. Nililia, Akinyi. Mchimba dhahabu mmoja alikuwa mlangoni na redio yake, akadhani nimefiwa, akavua kofia akaniambia pole. Nikamwambia asante.

Sina fundisho la kukupa. Nina tahadhari moja tu, na inahusu mali yangu niliyokuachia. Vidole umepata kwa Odongo, lakini mdomo wako ni wangu. Nimekusikia ukiwatania wenzako wa kwaya, na wanacheka, na mmoja huwa anatazama chini. Bendi ya watu wanane itakuwa na mtu mwenye swali la kijinga, na siku nyingine swali hilo halitakuwa la kijinga. Mwache amalize. Na wewe watakudharau pia, besi haisikiki mpaka isipokuwepo, na wapiga solo sisi ni watu wa kujiona. Mpiga solo akikwambia ushushe sauti, cheka, kisha angalia miguu ya watu. Na baba yako mdogo usimfanye malaika. Naye angeweza kuandika mstari mmoja miaka yote hii, tena ni mkaidi kuliko mimi, tulinyonya ziwa moja.

Sasa mzigo wako. Gitaa nimelifunga katika leso ya mama yako, lile la padri, na utaondoka nalo. Lilikuwa letu sisi wawili, nami nimelikalia peke yangu vya kutosha. Nimeweka nyuzi kumi na moja. Sita ndizo zilizobaki pale, nne ni za Kisumu, na moja ni uzi wa waya wa breki, utausikia, unakwaruza kidogo, lakini unajitahidi. Jozi moja ina uzi mnene peke yake na ufunguo ulio wazi. Nafasi hiyo ni ya uzi mwembamba kuliko zote.

Unakumbuka likizo ya kidato cha pili ulirudi ukatusimulia nyumba ya Odongo ilivyo? Ukasema juu ya kitanda chake, kando ya kalenda, kuna kijiwaya kimeviringishwa kimening'inia msumarini, ukamuuliza ni cha nini, naye akasema ni cha mtu. Mama yako alinitazama. Mimi nikatoka nje nikajifanya natafuta kuku.

Usimwombe huo uzi. Mpe gitaa tu, umwache akae nalo, atahesabu mwenyewe. Yeye siku zote alikuwa anatazama kabla ya kusema. Kisha umwambie maneno haya kama nilivyoyaandika, bila kuongeza utani: Opiyo anasema, mtu wa nyuzi sita anamwomba mtu wa nyuzi nne amfundishe kumi na mbili.

Akinyamaza, usiogope, ndivyo tulivyo. Akienda kwenye msumari, mtume mtu yeyote anayekuja huku aniambie. Shangazi nimekwisha kumwona. Amezeeka, lakini kiapo changu anakikumbuka neno kwa neno, na amesema mizizi ya manyasi anajua mahali inapomea. Nitakuja naye, nitakunywa mbele ya watu, kama nilivyotukana mbele ya watu, kisha nitakaa kwenye kiti cha ndugu yangu nile chochote atakachoniwekea.

Hayo ni ya Odongo. Yako ni haya: nilikukosea, mwanangu, na uliniambia kweli kwa upole ambao sikuustahili. Unisamehe. Kesho kabla ya gari nitakuwa karakana, mlango wazi. Pita, uniambie chochote kile, hata kama ni hasira, nitaipokea nikiwa nimesimama. Ila tafadhali, usiniambie sawa.

Baba yako,
Opiyo